Nyanya Thelathini na Saba

Wafalme hubadili majina wakipanda kiti, na Papa naye hubadili siku ule moshi mweupe unapotoka. Alfons Siune wa Simbu alibadili jina ili asikate nyasi!

Msimcheke bado. Pumzi zihifadhini, zitahitajika.

Kijana mwenyewe alisoma darasa la kumi na moja, Sekondari ya Yamiro, bondeni Asaro, katika nchi moja ya milima na visiwa iliyo mbali mashariki, yenye lugha mia nane, pale njia kuu ya kwenda Goroka inapopita ubavuni mwa uzio. Wanafunzi mia sita, wote wa bweni. Mkuu wa shule aliwahi kuhesabu lugha wanazozungumza makwao, akafika sabini na tatu, akachoka, akaenda kulala. Bwaloni kila watu na meza yao: Wasepiki dirishani, Watolai jirani na jiko, wa Manus karibu na mlango kama wanaongojea mtumbwi. Mwenzio wa lugha moja huitwa wantok, na wantok hanyimwi. Akija na sahani tupu, unampa, hata kama unampa huku unamlaani.

Basi Alfons alikuwa na wantok kwenye kila meza! Huyu alimsalimu kwa Kisepiki, yule kwa Kitolai, na viazi vikashuka sahanini. Aliweza kuomba chakula kwa lugha tisa. Kushukuru hakujua hata kwa moja.

"Mimi ni wantok wa nchi nzima," alijigamba. "Nikifa, nitaliliwa kwa lugha mia nane."

"Utachekwa kwa mia nane," akasema Wanjo, Msepiki aliyelala kitanda cha chini yake. "Na mimi nitaanza na ya kwetu."

Adui mkubwa wa Alfons alikuwa mmoja tu, naye ni Mwalimu Kisokau.

Kisokau alikuwa mtu wa Manus, kisiwani huko, mwalimu wa kilimo na mwalimu wa nidhamu. Alikuwa na kifua cha pipa na sauti iliyozoea kuita mtu aliye ng'ambo ya ghuba. Kila asubuhi mstarini alifungua daftari lake jeusi akasoma wakosaji. Alikuwa na kanuni yake, na aliisema tangu siku ya kwanza: "Haadhibiwi mtu ambaye sijamtaja mbele ya wenzake. Asiyetajwa, hayumo!"

Alfons hakuwahi kukosa kuwamo.

"Alfons Siune! Kuchelewa! Nyasi!"

"Alfons Siune! Kutoroka kwenda sokoni! Nyasi!"

"Alfons Siune! Kulala kanisani na kukoroma kuliko kinanda! Nyasi, nyasi, nyasi!"

Na nyasi za Yamiro, jamani! Unafyeka asubuhi, mchana zinakuchungulia. Mikono ya Alfons ilikuwa na malengelenge kama chapati. Fyekeo alilijua kuliko kalamu, na kusema kweli kalamu hakuijua sana.

Siku moja Kisokau akaingia darasani na nyanya mkononi. Akaiinua juu.

"Leo tunajifunza kilimo cha hili... tunda. Jekundu. La mchuzi. Mnalijua."

"Nyanya!" darasa likaitikia.

"Naam. Hilo mlilosema."

Vipindi viwili vikapita. Alifundisha kitalu cha lile tunda, mbolea ya yule mmea, ugonjwa wa majani ya huyo mhusika. Neno nyanya halikutoka kinywani mwake hata mara moja! Alfons, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kusikiliza kinachosemwa darasani, siku hiyo alisikiliza kwa makini kile ambacho hakikusemwa.

Baada ya kipindi akamfuata Ngaleu, msichana wa Manus, mwembamba, maneno machache, kichwani moto.

"We dada, mwalimu wenu ana ugomvi gani na nyanya?"

Ngaleu akatazama kushoto, akatazama kulia. "Mkwewe anaitwa Pomat. Baba wa mkewe. Kwetu jina la mkwe halitajwi, wala neno linalofanana nalo."

"Sasa nyanya imeingiaje?"

"Kwa Kipijini nyanya ni nini?"

"Tomato."

"Haya. Tomato, Pomat. Siku hizi wengine wanalegeza, lakini Mwalimu Kisokau kakaza mpaka kwenye kachumbari."

Kipijini, lugha ya wote huko, wasomaji wangu, kina neno moja tu, tambu, nalo ni mkwe na ni mwiko papo hapo. Msilichanganye na ile tambuu inayotafunwa pamoja na popoo. Ingawa Alfons popoo nayo aliitafuna nyuma ya bweni kila siku, na huo nao ulikuwa mwiko!

"Mwaka juzi alijikwaa kidole gumba," Ngaleu akaendelea, "maumivu yakamtoa jina mdomoni. Mkewe akafunga virago, akarudi Manus miezi mitatu. Unakumbuka alivyokuwa anakula bwaloni na sisi, amekonda kama ufito?"

Akili ya Alfons haikuwa kubwa, lakini ilikuwa na mbio. Ngaleu akayaona macho yake yakianza kung'aa.

"Alfons. Jina la mtu si shati la mtumba. Ukilivaa, mwenyewe yumo ndani."

Nani anamsikia! Mshale umeshatoka upindeni, uko mlangoni pa ofisi.

Karani wa shule alikuwa Mama Iarua, Mtolai, miwani puani, na mhuri mkononi kama rungu.

"Nataka kubadili jina, mama."

"Kwa nini?"

"Mjomba wangu ameota."

Kwa kuwa ndoto za wajomba si jambo la kubishia, Mama Iarua akachukua fomu. "Jina jipya?"

"Pomat."

Miwani ikashuka. "Wewe Msimbu, mtoto wa milimani, Pomat? Hilo jina la watu wa bahari. Bahari umewahi kuiona?"

"Sijaiona, mama. Mjomba ndiye aliyeiota."

"Na jina la baba libaki Siune?"

Hapo Alfons akafikiri upesi. Akibaki Siune, si ataitwa kwa Siune? "Hapana, mama. La pili nalo Pomat."

"Pomat Pomat?"

"Aliota mara mbili."

Mama Iarua akamtazama muda mrefu, kama mtu anayetazama mbuzi aliyepanda juu ya paa. "Sheria ya ofisi hii, jina hubadilishwa mara moja kwa mwaka. Usije kunililia hapa kabla ya Februari."

"Nilie nini, mama?"

Pah! Mhuri ukagonga.

Kesho yake Alfons aliamka jua likiwa limeshapiga mswaki. Akafika mstarini amechelewa, shati nje, anatembea kama bwana harusi. Kisokau, aliyekwisha kupewa orodha mpya na ofisi, akafungua daftari.

"Wanjo Kambu! Kelele bwenini! Vyoo!" Akageuza macho mstari wa pili. "Na..."

Mdomo ukafunguka, ukafungwa. Jasho likamtoka mwalimu kwenye baridi ile ya Asaro inayogandisha kamasi. Amwonyeshe kidole basi? Mtu mwenye jina la mkwe? Bora kumwonyesha kidole askofu!

"Na nyasi..." akasema mwalimu kwa sauti ya kufa, "nyasi zimeota." Akafunga daftari.

Toka siku hiyo, Alfons akawa mfalme wa Yamiro! Alilala vipindi vikipita. Aliruka uzio mchana kweupe, akarudi na popoo shavuni, meno mekundu kama aliyeng'ata mhalifu. Akikutana na Kisokau njiani, mwalimu alishuka mtaroni, akageuza uso, akampisha. Matope yalimfika mwalimu magotini, na Alfons alipita akisema, "Asante, mkwe."

"Huogopi?" Wanjo akamuuliza.

"Niogope nini? Asiyetajwa, hayumo! Mimi simo, Wanjo. Mimi ni upepo."

Jambo moja tu hakulitilia maanani. Kila asubuhi, akishamaliza kusoma majina, Kisokau alitoa kalamu nyekundu mfukoni, akachora kitu kidogo daftarini, halafu akakiangalia kwa upendo.

Sasa ikaja habari ya ndege.

Wiki ya sherehe za Uhuru, shule za nchi nzima zilikuwa zinapeleka wasemaji mji mkuu, Port Moresby, kwenye mdahalo. Hoja ilikuwa kama watoto wafundishwe kwa lugha za nyumbani au kwa Kiingereza. Yamiro ilipewa nafasi sita. Na kutoka milimani kwenda Port Moresby hakuna barabara, hata ukipiga magoti. Ni ndege au ubaki.

Hapa lazima tumpe mtu haki yake: kwa domo, Alfons hakuwa na mpinzani. Siku ya mchujo alipanda jukwaani akatetea lugha za nyumbani, akasalimu ukumbi kwa zote tisa zile anazoombea viazi, kila meza ikashangilia wantok wake! Mkuu wa shule akampa nafasi ya sita. Ngaleu, aliyesema hoja tupu bila mbwembwe, akawekwa akiba.

Alfons nusura apasuke. Kwao hakuna mtu aliyewahi kupanda ndege. Kumbe nini, hata kuku wao hawakuruka vizuri. Akatuma salamu kijijini, na salamu zilipofika zilikuwa zimenenepa: Alfons ameitwa na serikali, serikali imeshindwa kuamua mpaka aje yeye. Mama yake akamsukia mkoba mpya wa nyuzi nyekundu na njano. Mjomba wake akachagua nguruwe. Ukoo mzima ukaapa kuvuka mlima Daulo siku ya Ijumaa, wakamuage uwanja wa ndege Goroka, na nguruwe aliwe palepale mtoto wao akishapaa.

"Nikiwa juu," aliwaambia bwenini, "nitatema popoo, mtasema mvua ya damu!"

Wanjo alikuwa anakata kucha. "Orodha ya safari anasoma nani?"

"Kiongozi wa safari."

"Ambaye ni nani?"

Popoo ikamdondoka Alfons mdomoni, ikabiringika mpaka chini ya kitanda.

Kiongozi wa safari ni Kisokau! Na asiyetajwa, hayumo.

Akatoka mbio hadi ofisini. "Mama Iarua! Mjomba ameota tena!"

"Safari hii ameota nini?"

"Ameota alikosea!"

"Mwambie aendelee kulala mpaka Februari." Dirisha likafungwa.

Kwenda kwa mkuu wa shule hakuthubutu, maana angeulizwa jina lile alilichukua kwa nini. Akamvizia Kisokau njiani. Mwalimu kumwona tu, huyoo mtaroni.

"Mwalimu, nakuomba, niite Alfons!"

"Alfons alihama," mwalimu akauambia mtaro. "Mvivu kidogo, lakini tulimzoea."

"Sasa Ijumaa utanisomaje?"

"Nitasoma majina ninayoweza kuyasoma."

Jumatano ile Alfons hakula. Meza zote tisa zilishangaa, Watolai wakadhani kuna kilio. Ndipo Ngaleu akaja, akakaa karibu naye.

"Yupo mtu mmoja anayeweza kulitaja jina lile mbele ya Mwalimu Kisokau, na asipate aibu mtu yeyote."

"Nani? Nimbebe mgongoni!"

"Mwenyewe. Mzee Pomat anafika kesho kumtembelea binti yake."

Alfons akamshika mikono. "Ngaleu! Wewe ni malaika!"

"Kwetu malaika hafanyi kazi bure," akasema Ngaleu, na akatabasamu tabasamu ambalo mtu mwenye akili angelichunguza.

Alhamisi mzee akashuka garini. Lo! Alikuwa mkubwa kama kabati, mvi kichwani kama pamba iliyopasuka. Miaka thelathini alikuwa msimamizi wa mabaharia kwenye meli ya serikali, akiamrisha watu katikati ya dhoruba, na sikio moja limekufa kwa mngurumo wa injini. Kwa hiyo alinong'ona kwa sauti ambayo wengine huzimia moto.

Alfons akamrukia, akanyakua begi, akampa popoo tatu za mkupuo.

"Shikamoo babu! Mimi naitwa Pomat!"

"Nani?"

"Pomat!"

"Hata mimi!" Mzee akamkumbatia mpaka mbavu zikalia. "Wajina wangu wa milimani! Jina moja, mtu mmoja! Ukiugua, nimelala kitandani! Ukila, nimeshiba!"

"Na nikipanda ndege, babu?"

"Nimepaa!"

"Basi babu, kesho asubuhi kuna daftari. Mwalimu hawezi kunisoma, unajua mambo ya wakwe. Nisomee wewe."

"Jina langu mwenyewe? Nitalisoma hadi Goroka wafungue madirisha!"

"Uniahidi, babu."

Mzee akaweka mkono kifuani. "Mjukuu wangu, melini walinifundisha kitu kimoja. Ukipewa karatasi, soma yote. Toka juu mpaka chini."

"Yote, babu! Soma yote!"

Msikieni! Mdomo wake mwenyewe huo.

Ijumaa ikapambazuka. Lori la kwenda uwanja wa ndege likanguruma langoni. Wanafunzi mia sita mstarini, wasafiri mbele, Alfons na mkoba wake mpya kifuani kama nishani. Kisokau akatoka, daftari jeusi juu ya mikono miwili, uso kauelekeza pembeni, akampa mkwewe kama anayetoa sadaka.

Mzee Pomat akavaa miwani iliyofungwa kwa uzi wa kuvulia. Akafungua ukurasa wa kwanza.

"Babu, ni ule wa mwisho," Alfons akanong'ona.

"Toka juu mpaka chini!" mzee akanguruma. Kisha akasita, akalisogeza daftari puani, akalirudisha nyuma. "Hiki nini? Wanjo, kelele, vyoo. Chini yake pamechorwa nyanya. Nyanya, kuchelewa, nyasi. Nyanya hii ndiyo nani?"

Kisokau akavitazama viatu vyake. "Ni yule, baba... ambaye kinywa changu hakimwezi."

Mzee akafikiri. Uso ukamfunguka.

"Aaah! POMAT!"

Kunguru wote wa Yamiro wakaruka.

"Pomat! Kuchelewa! Nyasi! Pomat! Kuruka uzio! Nyasi! Pomat! Popoo nyuma ya bweni! Nyasi! Pomat! Popoo ndani ya maabara! Nyasi mara mbili!"

Kwa maisha yake yote mzee hakuwahi kulisikia jina lake likitumika sana namna ile, na alilifurahia. Kurasa zikageuka. Kila ukurasa na nyanya zake, nyekundu, zimeiva, zenye kikonyo na jani! Wanafunzi wakaanza kuhesabu, kila mmoja kwa lugha ya kwao, wengine kwa vidole, wengine kwa viungo vya mwili toka mkononi hadi puani. Wakahesabu kwa lugha sabini na tatu, na jibu likatoka moja.

Thelathini na saba!

Alfons hata hakujali. Nyasi si atakata akirudi? Cha maana ni ukurasa wa mwisho.

"Pomat!" mzee akamaliza, sauti ikatetemesha bendera. "NDEGE!"

"Nipo!" Alfons akaruka juu, akaelekea lorini.

Mkuu wa shule akakohoa.

Alikuwa mtu mpole, asiyekohoa bure. Akanyoosha fimbo yake kwenye ubao wa langoni, wenye sheria za shule ambazo Alfons alizipita kila siku kama unavyopita jiwe. Sheria ya nne: Hatoki langoni mwanafunzi mwenye adhabu iliyosomwa ambayo hajaimaliza.

"Mkuu," Alfons akagugumia, "lakini hizi za zamani! Mwezi mzima zimekaa!"

"Zilikaa bila kusomwa. Zisizosomwa hatuzijui. Hizi zimesomwa leo." Akawageukia wanafunzi. "Nani aliomba zisomwe?"

Vidole mia sita vikanyooka. Cha mia sita na moja kilikuwa cha Mzee Pomat, anacheka kwa fahari, maana alidhani wajina wake anapewa zawadi.

"Wa akiba apande," akasema mkuu.

Ngaleu alikuwa tayari juu ya lori. Viatu alivivaa tangu alfajiri, begi lake limefungwa tangu Jumatano.

"Ngaleu!" Alfons akalia. "Ulisema wewe ni malaika!"

"Ulisema wewe! Mimi nilikwambia mwenyewe yumo ndani."

Lori likaondoka. Kisokau, akiwa amekaa mbele na dereva, alipopita mbele ya Alfons akageuza uso pembeni kwa adabu zote. Lakini mabega yalikuwa yanamcheza.

Saa nne ilimkuta Alfons kando ya uzio, ubavuni mwa njia kuu, kofia ya majani usoni, fyekeo mkononi, nyanya ya kwanza kati ya thelathini na saba. Pembeni yake, juu ya kigoda, chini ya mwavuli, alikaa wajina wake akila nyanya ya kweli kwa chumvi. Kila fyekeo likishuka, mzee alijipangusa uso.

"Jina moja, mtu mmoja!" alisema. "Nimechoka mimi!"

Mara lori likaja kutoka upande wa Daulo, limejaa watu hadi pomoni, nyimbo juu, manyoya ya ndege vichwani, harufu ya nguruwe aliyeokwa shimoni na kufungwa majani ya mgomba. Ukungu wa mlimani ulikuwa umewachelewesha. Alfons akaitambua ile sauti inayoanzisha wimbo. Ni mjomba! Ukoo mzima!

Na wakati huohuo, vuuuu! Ndege ikapita juu ya bonde, nyeupe, imeshiba jua.

Lori likasimama. Wakashuka wote, wakainua mikono mbinguni. "Alfonsii! Alfonsii! Tusalimie bahari!" Bibi mmoja akalia. Mjomba akacheza mpaka manyoya yakamdondoka.

Alfons akashusha kofia mpaka kidevuni.

"We kijana wa nyasi!" mjomba akaita. "Unamjua Alfons Siune? Yumo kwenye ile?"

Kijana wa nyasi akakaza koo, akatoa sauti nene kama ya chura. "Mimi simjui. Mimi ni Pomat."

"Pomat? Jina la wapi hilo?"

"Manus."

"Manus!" Mjomba akasisimka. "Basi bahari umeiona wewe! Ikoje? Mimi hata ndotoni sijawahi kuiota!"

Alfons akafyeka palepale alipokwisha kufyeka.

Mama yake hakuwa anatazama ndege. Alikuwa anatazama miguu ya yule kijana. Vidole vile vilivyopindana, cha pili kimempanda cha kwanza, aliviosha kwa maji ya moto yeye mwenyewe miaka kumi na saba iliyopita. Akatazama mkoba wa nyekundu na njano uliotundikwa kwenye uzio. Akatazama fyekeo. Akaelewa, kama akina mama wanavyoelewa, bila kuuliza swali.

"Haya, Pomat," akasema taratibu. "Ukimwona mwanangu Alfons, mwambie nguruwe ameiva. Tutamgawa palepale uwanja wa ndege, na kwetu nyama hugawiwa kwa kuitwa majina." Akapanda lorini, akajifunga kanga vizuri. "Pomat kwenye ukoo wetu hatuna."

"Mama..." sauti ya chura ikavunjika.

"Na wewe mzee wangu," mama akamgeukia aliye chini ya mwavuli, "unakaa juani na mwavuli mbovu, nani kakuacha hapa? Mgeni haulizwi jina. Twende ukale."

Mzee Pomat hakungoja kuambiwa mara mbili. Akafunga mwavuli, akainuliwa na vijana wanne, akaketishwa kando ya nguruwe. Lori likaanza kuondoka. Hapo akamkumbuka wajina wake, akasimama katikati ya nyimbo, akaweka mikono mdomoni, na kwa sauti ile ya kuamrisha dhoruba akapaza hadi Goroka wakafungua madirisha:

"Usisikitike, Pomat! Nikila mimi, umeshiba wewe!"